Kidhibiti cha Nyumba Kikigoma: Mwongozo Kamili wa Kusasisha Fimuwea na Kuunganisha Vifaa Upya

Simu ninazopigiwa hapa Mwanza zinafanana. Umeme ulikatika usiku na kurudi alfajiri, taa mbili hazisikii tena, na pampu ya maji haionekani kwenye simu. Mwenye nyumba akaona ujumbe kwamba kuna fimuwea mpya, akaikubali, ikakwama. Akachukua pini, akabonyeza kitufe cha kuriseti kwenye kile kitundu cha nyuma ya kidhibiti, yaani kisanduku kinachopokea amri za simu na kuzipeleka kwenye vifaa vya nyumba. Sasa hakuna kinachosikia.

"Fundi, nimeriseti mara tatu na bado," aliniambia mama mmoja wa Nyegezi.

"Mama, shikamoo. Usibonyeze tena, tafadhali. Iache hivyo hivyo mpaka nifike."

Nilipofika, swichi na vihisi vyake vyote vilikuwa vizima. Kilichopotea ni muunganiko kati yao na kidhibiti, na kile kitufe ndicho kilichoufuta. Ilinichukua siku nzima kufungua swichi moja moja ukutani ili kurudisha kitu kilichokuwepo jana yake.

Kwa hiyo shika jambo hili kabla ya mengine yote: muunganiko umeandikwa pande mbili. Kidhibiti kina orodha ya vifaa vyake, na kila kifaa kimehifadhi utambulisho na ufunguo wa kidhibiti chake. Ukifuta upande mmoja, upande wa pili hauna habari. Swichi itaendelea kumsubiri bosi wake wa zamani, na akija mwingine kuiita haiitikii. Kuriseti kidhibiti ni hatua ya mwisho kabisa, na kwa nyumba nyingi hutaifikia.

Ninaposema fimuwea nina maana ya programu iliyoandikwa ndani ya kifaa chenyewe, ile inayokifanya kiwake na kuelewa amri.

## Andaa hivi kwanza

- UPS ndogo (betri inayoshika umeme unapokatika) ya kubeba kidhibiti pamoja na ruta. Pawabanki inaweza kufaa, lakini nyingi hukata umeme kwa sekunde moja zinapoanza au kuacha kuchajiwa, na sekunde hiyo inatosha kuharibu kazi. Ijaribu kabla.
- Adapta iliyokuja na kidhibiti. Kama unatumia Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ambayo wengine huifanya kidhibiti), inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu ya kawaida huiwasha, kisha huiangusha kazi inapokuwa nzito.
- Kebo ya LAN ya kuunganisha kidhibiti moja kwa moja na ruta.
- Simu au laptopu yenye chaji, na bando la kutosha.
- Betri mpya za vihisi. CR2032 mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo kwenye mita. Ikisoma chini ya 2.8 iweke kando, usiitumie kwa kazi hii.
- Pini au klipu ya karatasi, tochi, bisibisi, testa.
- Daftari na kalamu. Utavihitaji kuliko unavyodhani.

Onyo: swichi za ukutani zina volti 230 nyuma yake. Ukilazimika kuifungua moja, zima kwenye saketi breka na uhakikishe kwa testa. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mwite fundi umeme. Hatua nyingine zote unaweza kuzifanya ukiwa umekaa.

## Hatua ya 1: Jua ugonjwa uko wapi

Usiguse kitu bado. Zunguka nyumba na uandike kinachofanya kazi na kisichofanya.

Kikifa kifaa kimoja, shuku betri yake au umbali. Vikifa vyote vinavyotumia redio ya aina moja, kwa mfano Zigbee (redio ya nguvu ndogo ya vifaa vya nyumba, kama ilivyo Z-Wave) yote imekufa lakini vya Wi-Fi ni vizima, shuku redio ya kidhibiti. Na vikifa vya upande mmoja tu wa nyumba, tafuta kifaa cha katikati kilichozimwa. Zigbee na Z-Wave hupokezana ujumbe: vifaa vinavyokaa kwenye umeme wa ukutani hubeba ujumbe wa vile vya mbali. Mtu akichomoa plagi janja ya sebuleni ili achomeke pasi, kihisi cha mlango wa nyuma kinaweza kupotea ingawa hakijaguswa.

Umefanikiwa ukiweza kulieleza tatizo kwa sentensi moja: "Vihisi vitatu vya upande wa jikoni vimepotea tangu jana usiku." Ukibaki na "vitu havifanyi kazi," zunguka tena.

## Hatua ya 2: Tuliza umeme

Fimuwea mpya inapoingia, kwenye vifaa vingine ya zamani hufutwa kwenye memori ili kuipisha. Umeme ukikatika katikati, kifaa kinabaki na programu nusu na kinaweza kisiwake tena.

Chagua asubuhi anga likiwa jeupe. Radi za Ziwa Victoria huja zaidi usiku na alfajiri, na anayeishi Capri Point au Kirumba hahitaji kusimuliwa. Angalia na uniti za LUKU. Nimeshuhudia sasisho likifa kwa sababu uniti ziliisha, wakati hapakuwa na wingu hata moja.

Unganisha kidhibiti na ruta kwenye UPS, kisha uchomoe UPS ukutani kwa dakika tano. Vyote viwili vikibaki vinawaka na intaneti ipo, endelea. Kimoja kikizima, ishia hapo mpaka upate UPS bora.

## Hatua ya 3: Chukua nakala, na itoe nje ya kidhibiti

Karibu kila kidhibiti kina sehemu ya kuhifadhi nakala kwenye mipangilio. Itumie, kisha hamishia faili kwenye laptopu au flashi. Nakala iliyobaki ndani ya kidhibiti itakufa nacho. Kwa watumiaji wa Home Assistant (programu ya kuendesha kidhibiti), nakala inaweza kufungwa kwa ufunguo. Andika ufunguo huo kwenye daftari, kwa sababu bila huo faili halifunguki.

Kisha piga picha stika ya kila kifaa: namba ya modeli, msimbo wa QR, na kwa Z-Wave mpya, zile tarakimu tano za kuthibitisha. Stika nyingi ziko upande unaogeukia ukuta. Usipozipiga picha sasa, utabomoa plasta baadaye kuzitafuta.

Utakuwa umemaliza ukiwa na faili lenye tarehe ya leo nje ya kidhibiti, pamoja na orodha ya vifaa yenye jina, mahali na aina ya redio.

## Hatua ya 4: Sahihisha saa

Hatua hii ni fupi na wengi huiruka, kisha wanalalamika kwamba "seva haipatikani."

Vidhibiti vingi, Raspberry Pi 4 ikiwemo, havina betri ya kutunza saa. Vikiwashwa huuliza saa kwenye intaneti. Umeme ukirudi, kidhibiti na ruta huwaka pamoja, na ruta ya laini inaweza kuchukua dakika mbili au tatu kupata mtandao. Katika muda huo kidhibiti kina tarehe ya zamani. Mawasiliano salama ya intaneti hutegemea tarehe sahihi, kwa hiyo kidhibiti hukataa kuongea na seva ya fimuwea.

Subiri ruta ipate mtandao, zima kidhibiti kwa utaratibu kupitia menyu yake, kisha kiwashe. Hakikisha ukanda wa saa ni Africa/Dar_es_Salaam, yaani saa tatu mbele ya UTC.

Ukiwa hapo, weka na eneo la nyumba. Mwanza iko karibu na latitudo −2.5 na longitudo 32.9, na ile alama ya kutoa usiisahau. Kidhibiti kilichoachwa kwenye eneo la Dar es Salaam hudhani jua limezama mapema kuliko linavyozama hapa, kama dakika 20 hadi 30, na taa za nje huwaka bado kweupe. Ratiba nazo ziandike kwa saa 24: saa moja jioni ni 19:00. Wapo walioandika 01:00, kisha wakadhani kifaa ni kibovu.

## Hatua ya 5: Sasisha fimuwea kwa mpangilio

Mpangilio ni huu: kidhibiti, kisha redio yake kama ni kijiti cha USB kinachojitegemea, kisha vifaa vya umeme wa ukutani, na vya betri mwisho. Ukianza na kihisi huku kidhibiti ni cha zamani, kihisi kinaweza kuanza kutuma taarifa ambazo kidhibiti hakizielewi.

Chomeka kebo ya LAN. Wi-Fi ikiyumba faili linaweza kuingia pungufu.

Linganisha modeli na toleo la kifaa chenyewe (hardware version) lililoandikwa kwenye stika, si jina la kibiashara tu. Bidhaa yenye sanduku lile lile inaweza kuwa na chipu tofauti ndani, na fimuwea ya ndugu yake ikaiua. Kama umeachwa nyuma matoleo mengi, soma maelezo ya toleo jipya. Watengenezaji wengine hutaka upitie toleo la kati kwanza.

Ukipakua faili mwenyewe, lipime kabla ya kuliingiza. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike `certutil -hashfile jina.bin SHA256`. Kwenye Linux andika `sha256sum jina.bin`. Mstari utakaotoka ufanane herufi kwa herufi na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Ukitofautiana hata herufi moja, futa faili na ulipakue upya.

Anza, kisha ondoa mikono. Taa zitamemeta, kidhibiti kinaweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, na skrini ya simu inaweza kusema imepoteza mawasiliano. Hiyo ni kawaida. Kipe nusu saa nzima.

Kwa vifaa vya betri, sasisha kimoja baada ya kingine, kikiwa karibu na kidhibiti. Zigbee hupitisha data polepole, na kihisi cha betri hulala ili kutunza chaji, hivyo saa nzima au zaidi si ajabu. Kibonyeze mara moja kukiamsha unapoanza.

Mafanikio yana dalili mbili na zote lazima uzione: namba ya toleo imebadilika, na vifaa vilivyokuwa vinafanya kazi asubuhi bado vinafanya.

### Ikikwama njiani

Baada ya saa moja bila mabadiliko yoyote, zima, hesabu sekunde 30, washa. Vidhibiti vingi huhifadhi toleo la zamani pembeni na hulirudia vyenyewe. Kisipowaka, tafuta kwenye kijitabu chake namna ya kuingia hali ya uokoaji, ambayo kwa kawaida ni kushika kitufe fulani huku ukichomeka umeme. Kushika kwa sekunde tano na kushika kwa sekunde ishirini kunaweza kuwa mambo mawili tofauti, la pili likiwa ni kufuta kila kitu. Soma kwanza.

Kwa Raspberry Pi, mara nyingi kilichokufa ni memori kadi, maana kadi hizo haziupendi umeme unaokatika wakati zinaandikwa. Nunua kadi mpya kwa muuzaji unayemwamini, andika mfumo upya, kisha rudisha ile nakala ya Hatua ya 3. Ukitumia kijiti kile kile cha redio, vifaa vitarudi vyenyewe bila kuunganishwa upya.

## Hatua ya 6: Futa muunganiko wa zamani

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa njiani. Kifaa kilichokuwa na bosi hakijiungi na bosi mpya mpaka kiachwe huru, na namna ya kukiacha huru inategemea redio yake.

Z-Wave. Ingia kwenye menyu ya "Exclusion" ya kidhibiti, kisha bonyeza kitufe cha kifaa kama kijitabu kinavyoelekeza. Uzuri wake ni kwamba kidhibiti chochote cha Z-Wave kinaweza kufanya kazi hii, hata kama hakikukiunganisha kifaa hicho. Kwa hiyo kifaa cha mtumba, au kilichopotezwa na kidhibiti kilichoungua, kinaokoleka. Mimi hukifanyia hivi hata kifaa kipya kinachogoma, maana vingine hujaribiwa kiwandani na kusahauliwa kwenye mtandao wa huko.

Zigbee. Hapa unariseti kifaa chenyewe, kwa kawaida kwa kushika kitufe sekunde tano hadi kumi mpaka taa imemete haraka. Balbu nyingi zisizo na kitufe huriseti kwa kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa mfululizo.

Hebu fikiria maana ya sentensi hiyo ya mwisho hapa kwetu. Umeme ukiruka-ruka mara tano usiku, balbu inahesabu kwamba mwenye nyumba anairiseti, na inajitoa kwenye mtandao. Taa nyingi zinazoitwa mbovu asubuhi zimepata hilo tu. Kwenye mitaa yenye umeme wa namna hiyo nashauri swichi janja ya ukutani yenye kitufe chake badala ya balbu janja.

Wi-Fi. Kifaa kimefungwa kwenye akaunti ya aliyekiunganisha. Ukinunua kilichotumika, muombe mwenye kuuza akiondoe kwenye simu yake mbele yako kabla hujalipa.

Mwisho, rudi kwenye orodha ya kidhibiti na ufute majina ya vifaa visivyokuwepo tena. Kidhibiti hujaribu kupitisha ujumbe kwa maiti hao, na amri za vifaa hai huchelewa.

## Hatua ya 7: Safisha njia ya mawimbi

Jiji hili limejengwa juu ya miamba. Isamilo, Mabatini, Igogo, nyumba imekaa juu ya jiwe na pampu iko chini nyuma ya jiwe jingine. Redio ya Zigbee haipenyi mwamba wa unene huo, na kuongeza antena hakutasaidia. Kinachosaidia ni kuzunguka: weka plagi janja au swichi mahali ambapo inaona nyumba na inaona pampu, ukutani kwenye kona au kwenye kibanda cha mlinzi. Ukuta wa mawe, zege lenye nondo na mabati vyote hupunguza nguvu, kwa hiyo kidhibiti kisikae ndani ya kabati la chuma wala nyuma ya televisheni.

Halafu Wi-Fi. Zigbee na Wi-Fi ya 2.4 GHz hugombea anga moja. Weka ruta kwenye chaneli 1 na Zigbee kwenye chaneli 20 au 25, zitapishana vizuri. Fanya hivyo kabla ya kuunganisha vifaa: ukibadilisha chaneli ya Zigbee baadaye, vingine havitahama nayo.

Kijiti cha USB kisichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la USB 3, ambalo hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo ya 2.4 GHz. Tumia tundu la USB 2 na kebo ya kurefushia, hata nusu mita. Nimeona nyumba nzima ikipona kwa kebo hiyo peke yake.

Jambo moja la Z-Wave: angalia masafa kwenye stika. Cha Ulaya hutumia 868.42 MHz na cha Marekani 908.42 MHz. Kifaa ulicholetewa na shemeji kutoka Marekani hakitasikilizana na kidhibiti cha Ulaya hata ukivigusanisha, na hakuna kuriseti kutakakobadilisha hilo.

## Hatua ya 8: Unganisha, kimoja kimoja

Anza na vya umeme wa ukutani vilivyo karibu na kidhibiti, kisha sogea nje. Hivyo ndivyo vitakavyobeba vya mbali, na visipokuwepo kihisi cha geti hakina daraja.

Fungua dirisha la kuunganisha kwenye kidhibiti. Hudumu dakika moja hadi nne hivi, kisha hujifunga. Kwa hiyo simama tayari mbele ya kifaa kabla ya kulifungua. Unganisha kifaa pale pale kitakapoishi. Ukikiunganisha mezani kisha ukipeleke getini, kitachelewa kutafuta njia mpya, na vingine havitafuti kabisa.

Kihisi cha betri kiguse kila sekunde chache mpaka kidhibiti kimalize kukihoji. Kikilala katikati ya mahojiano kitaonekana kwenye orodha bila vipimo vyake. Ukiona hivyo, kiondoe, kiriseti, rudia. Usijenge ratiba juu ya kifaa kilichohojiwa nusu.

Kwa vya Wi-Fi, vingi vinaelewa 2.4 GHz tu. Tenga jina la mtandao la 2.4 na uiweke simu yako humo wakati wa kuunganisha. Usalama wa ruta uwe WPA2, kwani vifaa vya bei nafuu mara nyingi hushindwa na WPA3.

Kipe jina mara moja, la Kiswahili na la mahali: "Taa ya veranda," "Kihisi cha tanki la juu." Kisha kiwashe na kukizima mara tano. Kikiitikia zote tano ndani ya sekunde moja hivi, nenda kwenye kinachofuata.

## Hatua ya 9: Pampu ipewe ulinzi wake

Nyumba nyingi hapa zimefunga kidhibiti kwa sababu ya maji: yakija usiku, pampu iyapandishe kwenye simtanki bila mtu kuamka. Ni matumizi mazuri, na ndiyo yenye hatari kuliko yote. Muunganiko ukipotea pampu ikiwa imewaka, itasukuma hewa mpaka iungue.

Weka kikomo cha muda ndani ya rilei yenyewe (swichi ndogo inayopokea amri ya kuwasha pampu), si kwenye kidhibiti, ili izime hata ikiwa peke yake. Kama tanki hujaa kwa dakika 40, weka 50. Weka pia kwamba umeme ukirudi baada ya kukatika, rilei ianze ikiwa imezimwa.

Na usiichomeke pampu kwenye plagi janja. Mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule ulioandikwa, na midomo ya rilei ndogo hushikana isiachie. Rilei iendeshe kontakta (swichi kubwa inayohimili mkondo wa mota), kontakta iendeshe pampu. Hiyo mpe fundi umeme aifunge.

## Hatua ya 10: Zima umeme kwa makusudi

Jioni, kila kitu kikiwa shwari, shusha swichi kuu ya nyumba. Chomoa na UPS. Subiri dakika tano, rudisha vyote, halafu kaa dakika kumi bila kugusa simu.

Kisha zunguka na daftari lako. Pampu iwe imezimwa. Taa ziwe katika hali uliyopanga. Saa ya kidhibiti iwe sahihi. Vifaa vya ukutani viwe vimerudi vyote, na vya betri vitajitokeza kimoja kimoja ndani ya saa chache, kwa hiyo visikutie wasiwasi mpaka kesho asubuhi.

Ambacho hakijarudi kesho asubuhi, kirudishe Hatua ya 6 chenyewe peke yake. Kikishindwa mara ya pili kikiwa mita moja kutoka kwenye kidhibiti na betri mpya, kipeleke dukani ukabadilishiwe. Ukishamaliza, andika toleo la fimuwea na tarehe ya leo kwenye kipande cha karatasi, ukibandike ndani ya mlango wa boksi la saketi breka.